Mashine Ianzie Kituoni

Nazungumza nanyi nyote mlio Karatina na Othaya, Mweiga na Naro Moru, Nanyuki, Kerugoya, Kutus, Chuka hadi Meru mjini. Wewe uliye shambani, wewe uliye ndani ya matatu, na wewe afisa wa zamu ya usiku uliyeketi nyuma ya kaunta ya kituo ukitusikiliza: karibu.

Mada yetu leo ni polisi na mitambo mipya. Kamera zinazotambua sura za watu, droni, akili unde, kitabu cha matukio kinachohamia kwenye kompyuta. Wengi wetu tukisikia mambo haya, fikra hukimbilia Nairobi au ng'ambo. Mimi nitaanzia Kirinyaga, kijijini Kangai.

Februari 2024, watu wa Kangai walikunywa pombe wakaanza kuugua. Waliokufa walizidi kumi. Wapo walionusurika lakini macho yao yakazimika. Pombe haramu za namna hii mara nyingi huwa na methanoli, na methanoli ikishaingia mwilini hugeuka asidi inayoshambulia mshipa wa jicho. Mtu analala akiona, anaamka gizani.

Lakini msikilizaji, sikiliza pombe ile ilitoka wapi. Polisi wenyewe walieleza kwamba ilikuwa imekwisha kukamatwa. Ilikuwa kielelezo cha kesi, imewekwa katika Kituo cha Polisi cha Kiamaciri ingoje mahakama, ikaibwa na kurudi kijijini kuuzwa. Yaani sumu ilikuwa imeondolewa mikononi mwa watu, ikafungiwa mahali ambapo serikali inasema ndipo salama kuliko pote, kisha ikatoka kupitia mlango uleule.

Sasa nikuulize. Ni mashine gani ingewaokoa watu wa Kangai? Droni ya kupaa juu ya mashamba ya mpunga ya Mwea? Kamera ya kutambua sura kwenye stendi ya Kutus? Hapana. Kilichohitajika ni kitu kidogo sana: kila jerikeni lililoingia ghalani lipewe lebo yenye namba, lebo isomwe kwa simu ya kazi, saa iandikwe, jina la afisa aliyelipokea liandikwe, na nakala ya maandishi hayo ifike mahakamani dakika ileile. Jerikeni likisogezwa, mfumo uandike nani amelisogeza. Kesi ikimalizika, hakimu aamuru limwagwe, na kumwagwa kwenyewe kurekodiwe. Mitambo ya namna hiyo ipo. Maduka makubwa ya Nyeri mjini huitumia kufuatilia mifuko ya unga na sukari. Ikiwa unga unafuatiliwa hivyo, sumu inayoua watu inakosaje kufuatiliwa?

Hiyo ndiyo hoja yangu leo. Teknolojia ya polisi ikija, ianzie ndani ya kituo. Imulike kaunta, seli na ghala kabla ya kutumulika sisi barabarani. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Kangai kifo kimeshatuumbua sote.

Tuingie basi kituoni. Unakuja kuripoti kwamba ng'ombe wako wameibwa Kieni, au magunia ya kahawa yamechukuliwa usiku, au mwanao amepigwa. Juu ya kaunta kuna kitabu kikubwa cha jalada gumu, kimechorwa mistari, kurasa zimekunjamana pembeni kwa kuguswaguswa. Hicho ndicho OB, kitabu cha matukio. Afisa anaandika kwa kalamu, kisha anakuandikia namba kwenye kipande cha karatasi: kwanza namba ya tukio, halafu siku, mwezi na mwaka, zikitenganishwa kwa mikwaju. Kile kikaratasi ndicho haki yako yote. Bila namba ya OB hupati fomu ya P3 ya kupeleka hospitalini, hupati abstrakti ya kitambulisho kilichopotea, na kesi yako haina miguu ya kusimamia.

Na kila mtu wa huku anajua udhaifu wake. Ukurasa unaweza kuchanika. Tukio linaweza kukosa kuandikwa kabisa, ukaambiwa rudi kesho. Mtu anaweza kufungiwa seli jina lake lisionekane kitabuni, hali Katiba ya 2010 katika kifungu cha 49 inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na utazihesabuje saa hizo ikiwa saa ya kuingia haikuandikwa? Kwa miaka kadhaa sasa Huduma ya Taifa ya Polisi imekuwa ikizungumzia OB ya kidijitali, na majaribio yalianzia vituo vya Nairobi. Mimi naiunga mkono. Ningependa ifike Endarasha na Kagio upesi. Ila naiunga mkono kwa sharti moja, na sharti hilo nimelipata katika kisa cha Albert Ojwang.

Mnakumbuka. Juni 2025, Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi mtandaoni kuhusu Naibu Inspekta Jenerali, akasafirishwa hadi Kituo cha Polisi cha Central, Nairobi. Tarehe 8 alikuwa maiti. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa ukutani mwa seli. Wanapatholojia walipoufanyia mwili uchunguzi walikuta majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na majeraha mengine mengi mwilini, mambo ambayo mtu hajitendei mwenyewe. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akasimama mbele ya Seneti akaomba radhi. Maafisa walishtakiwa kwa mauaji, na hukumu ni kazi ya mahakama, kwa hiyo sitaigusa.

Ninachotaka uangalie ni kamera. Kituo kile kilikuwa na kamera za CCTV. Zilikuwapo! Lakini IPOA, ile Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliiambia Seneti kwamba mfumo ulikuwa umechezewa, diski zimebadilishwa na kufutwa. Jicho lilikuwepo, kumbukumbu ikatolewa. Kwa hiyo mashine peke yake haitoshi. Mwenye ufunguo wa mashine ndiye mwenye ukweli, na kama mwenye ufunguo ndiye anayechunguzwa, umenunua vyuma tu.

Sharti langu ni hilo. Maandishi ya OB, picha za seli na orodha ya vielelezo visikae kituoni pekee. Kila kinachoandikwa kiende papo hapo mahali pa pili, pasipo chini ya mkuu wa kituo: kwa IPOA, au kwa Idara ya Mahakama. Afisa aweze kuongeza maelezo ila asiweze kufuta. Akirekebisha, neno la kwanza libaki likisomeka, na jina la aliyerekebisha lionekane. Kwa wanaojua kompyuta hiyo si kazi ngumu. Benki huifanya kwa kila shilingi, na tangu M-Pesa ianze 2007 hata mama wa mboga wa Soko la Karatina anajua kwamba pesa ikitumwa, rekodi yake haimo katika simu yake peke yake.

Msikilizaji, sisi wa huku Mlima Kenya tuna sababu yetu ya kulishikilia jambo hili kuliko wengine. Teknolojia ya polisi hatukuijua jana. Babu zetu walivalishwa kipande. Sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi kubeba cheti chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Alama za vidole zilikuwa ndiyo teknolojia mpya ya zama hizo, na kwetu zilitumiwa kumfuatilia mfanyakazi asitoroke kwa mwajiri. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, yakafuata mapito mengine: vitambulisho vya kusafiria, ukaguzi barabarani, na wale waliovalishwa magunia usoni, gakunia, wakipitishiwa watu mbele yao ili watikise kichwa. Mtikiso mmoja wa kichwa, mtu anapelekwa kizuizini. Hakuna aliyeweza kuliuliza gunia lilijuaje.

Na kumbukumbu za yaliyotendeka? Dedan Kimathi alikamatwa hapa Nyeri tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa hapahapa Nyeri mwezi uliofuata, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Faili la kesi yake lilikaa miongo mingi bila kuonekana na umma, hata likachapishwa kitabuni mwaka 2017 na mwanahistoria Julie MacArthur. Faili nyingine nyingi za ukoloni zilichomwa kabla ya uhuru, na nyingine zikasafirishwa Uingereza kisirisiri. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba katika eneo la Hanslope Park ilikuwa imehifadhi maelfu ya faili kutoka makoloni 37, Kenya ikiwemo. Zilipofunguliwa ndipo wazee wetu waliokuwa wameteswa walipopata nguvu mahakamani. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Wengi walikuwa wamefariki wakingoja. Miaka hamsini na zaidi ya kungoja haki, kwa sababu maandishi yalikuwa mikononi mwa mshtakiwa.

Ndiyo maana nasema swali la nani anatunza rekodi si swali la mafundi wa kompyuta. Hapa kwetu lina makaburi.

Sasa twende kwenye mashine zinazotazama watu. Mwaka 2014 serikali iliipa Safaricom kandarasi ya mfumo wa mawasiliano na kamera za polisi, takriban shilingi bilioni 15, kwa Nairobi na Mombasa, kamera zipatazo 1,800. Sipingi kamera. Kamera iliyomnasa mwizi wa gari ni rafiki ya mwenye gari. Lakini kamera inayokazana kutambua sura ni jambo jingine, na lina hatari inayotuhusu sisi hasa, watu weusi. Mwaka 2018 watafiti wawili, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima programu za kampuni kubwa zinazokisia kama sura ni ya mwanamume au ya mwanamke. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Fikiria wanawake watatu wakipita, mmoja anakosewa. Januari 2020 polisi wa Detroit, Marekani, walimkamata Robert Williams, Mmarekani mweusi, mbele ya mkewe na watoto wake, kwa sababu kompyuta ilifananisha leseni yake na picha hafifu ya mwizi wa saa. Hakuwa yeye. Jirani zetu Uganda walinunua mfumo wa Huawei kwa dola milioni 126, na baada ya ghasia za Novemba 2020 polisi wakasema kamera hizo ziliwasaidia kuwakamata waandamanaji.

Je, mashine inayotikisa kichwa bila kueleza imejuaje ina tofauti gani na lile gunia? Naomba sheria iseme wazi: sura iliyotambuliwa na kompyuta iwe fununu ya kuanzia upelelezi, isiwe sababu ya kumtia mtu pingu. Na kabla kaunti yoyote ya huku haijafunga mfumo kama huo, upimwe kwa sura za watu wa huku, na matokeo yatangazwe redioni kama hivi.

Hapo nina habari njema, na naitoa kwa fahari. Ukitoka Nyeri mjini, mwendo mfupi kwa matatu upande wa Mweiga, unafika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Ukishika njia ya Nanyuki badala yake, unafika Kiganjo, ambako polisi wa Kenya wamekuwa wakifunzwa tangu miaka ya 1940. Chuo cha Dedan Kimathi kina kituo cha sayansi ya data na akili unde, na mkuu wake Profesa Ciira wa Maina na wenzake wametumia kompyuta ndogo za bei nafuu kunasa picha za wanyama katika hifadhi ya chuo, na kusikiliza sauti za ndege wa Mlima Kenya. Watu wanaoweza kuifundisha mashine kutofautisha pundamilia na paa kwa picha walizojipigia wenyewe wana uwezo wa kutuambia mashine iliyonunuliwa mbali inakosea wapi. Taasisi mbili, kaunti moja, na jina la mtu aliyewindwa na polisi likiwa langoni mwa mojawapo. Ningependa kuona kurutu wa Kiganjo wakikaa darasa moja na wanafunzi hao.

Wafundishwe nini? Kwanza, ushahidi wa kidijitali unavyosimama mahakamani. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kompyuta iambatane na cheti kilichotiwa sahihi na mtu anayewajibika kwa kifaa kile. Afisa akichukua video kutoka simu ya bodaboda akaitia kwenye diski bila cheti, wakili ataitupa nje, na mwizi atarudi nyumbani akicheka. Pili, wafundishwe kwamba sampuli ya damu iliyokaa juani ndani ya Land Cruiser haitakombolewa na maabara ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, iliyoko Nairobi, hata iwe ya kisasa namna gani, na ile iliyofunguliwa Juni 2022 ni ya kisasa kweli. Tatu, wafundishwe kwamba sheria hutangulia. Mnakikumbuka kile kipima pumzi, Alcoblow? Kililetwa barabarani mwishoni mwa 2013. Februari 2017 Mahakama ya Rufani ikasema kanuni zilizotumika kuwashtaki madereva hazikupatana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Kifaa kilikuwa kizuri, na walevi barabarani ni wauaji. Lakini kwa kuwa sheria haikuandaliwa vizuri, madereva walevi wakapata njia ya kuponyoka, na nia njema ikapotea. Leo tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 na kifungu cha 31 cha Katiba kinacholinda faragha. Mitambo mipya ipite humo kwanza.

Sasa nizungumze nawe afisa. Najua unanisikiliza, na pengine unaona nakushambulia. Sivyo. Unaishi katika nyumba za mabati zilizojengwa kabla hujazaliwa, unafanya doria kwa gari lisilo na mafuta, na raia akishtaki kwamba umemwomba hongo, huna cha kujitetea ila neno lako. Rekodi isiyofutika ni ngao yako. Tazama walinzi wa wanyama wa Lewa, kule upande wa Meru. Lewa ilikuwa miongoni mwa hifadhi za kwanza kutumia mfumo unaoonyesha kwenye ramani moja alipo faru, aliko ndovu mwenye kola, na alipo kila mlinzi mwenye redio. Mlinzi anaonekana sawasawa na mnyama. Akipatwa na hatari usiku, wenzake wanajua pa kumfuata. Akisema alikuwa bondeni, ramani inamshuhudia. Afisa mwaminifu wa Kiamaciri au wa Central angeipenda sana ramani ya namna hiyo siku wenzake walipoharibu. Na mkuu mpya wa kituo anayekuja baada ya aibu, atajengaje imani bila kumbukumbu? Mitambo ikianzia kituoni, wa kwanza kunufaika ni yule askari mwema ambaye leo anachafuliwa pamoja na wabaya.

Na ikianzia kwetu? Ikianza kwa droni juu ya waandamanaji na kamera sokoni, huku ghala la vielelezo likiwa na kufuli moja na kitabu cha mistari, basi tutakuwa tumerudia kipande. Watu watafuatiliwa, sumu itatembea.

Kabla sijawaaga, niwaachie kazi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, inaunda mamlaka ya polisi katika kila kaunti. Mwenyekiti wake ni gavana au mjumbe wa serikali yake aliyemteua, na ndani yake wamo makamanda wa polisi na wawakilishi wa wananchi. Kazi yake ni kupanga vipaumbele vya usalama na kuwapa raia nafasi ya kusema. Hapo ndipo pa kuuliza kabla mtambo haujanunuliwa. Ukimwona gavana wako, wa Nyeri, wa Kirinyaga, wa Laikipia, wa Meru, muulize: mamlaka hiyo inakutana lini, na mimi nitaingilia mlango gani? Halafu muulize mambo matatu. Vielelezo vya kituo chetu vimeorodheshwa wapi, na mahakama inaona orodha hiyo? Picha za kamera za seli zinahifadhiwa na nani nje ya kituo? Na mtu akitambuliwa na mashine kimakosa, atalalamika kwa nani, na atajibiwa kwa siku ngapi?

Nawe uendaye kituoni kesho asubuhi kuripoti jambo lako, usitoke bila namba ya OB. Iulize kwa adabu, ingoje, iandike pia kwenye simu yako, umtumie ndugu yako mmoja. Hiyo ndiyo nakala ya pili, na hadi serikali itakapoitengeneza kubwa zaidi, itengeneze wewe.

Simu ziko wazi. Nipigieni mniambie kituo chenu kikoje.